Matanga ya Mlango Uliofungwa

Québec, Kanada
Jumapili, baada ya misa

Shemeji yangu mpendwa, Mama Dieudonné,

Barua hii ikukute umeketi, na yule anayekusomea asiwe na haraka. Nakusalimu kwa heshima yote ninayodaiwa mbele yako, wewe uliyeniwekea sahani yangu mezani tangu siku niliyofiwa na mke wangu hadi siku nilipopanda ndege. Ningeuliza kama u mzima, lakini najua swali hilo limekuwa zito mno nyumbani mwako. Basi naliuliza kwa vipande: je, unalala? Unakula hata kidogo? Goti la kushoto limeacha kukusumbua mvua inaponyesha? Mimi huku mwili uko. Moyo ndio unaochelewa kufika kila ninapouita.

Nakuomba radhi kwanza kwa kukuandikia badala ya kuzungumza nawe. Nimepiga simu mara nyingi, inalia, haipokelewi. Sikulaumu. Mwanao Dieudonné ameniambia kwamba hutaki sauti ya mtu tangu wageni wa matanga walipoondoka. Ameniambia na mambo mengine mawili, na hayo nitayafikia mbele kidogo, maana ndiyo yaliyonikamatisha kalamu. Barua inaletwa na padri mmoja wa kwetu anayerudi Bunia kupumzika.

Nakuomba radhi ya pili, na hii ni kubwa kuliko ile. Ndugu yangu Kasiano, mume wako, amezikwa na mimi sikuwako. Makaratasi yangu ya ukaazi yangali ofisini, na aliye katika hali hiyo akitoka huku harudi. Niliyaona mazishi katika simu, mkononi mwa mwanangu Béatrice. Niliona mwavuli wa padri, niliona mgongo wako, kisha mtandao ukakatika wakati jeneza lilipokuwa bado juu ya kamba. Uliporudi, watu walikuwa wakipangusa viatu.

Nisingetaja tena jambo hili la kutokuwako, kama nisingekumbuka alivyokuwako yeye. Unakumbuka mama yake Béatrice alipofariki, nami nikasema sitaki kuona mtu. Kasiano alifika na sanduku lake la useremala, kana kwamba ameitwa kutengeneza kabati. Hakunipa pole. Alitoa turnevisi, ile bisibisi yake, akafungua bawaba moja moja, akang'oa mlango wote wa nyumba yangu na kuuegemeza ukutani.

Nikamwuliza, "Kasiano, unafanya nini?"

Akasema, "Kaka, kama mulango iko, utaifunga. Basi haiko."

Watu wakaingia. Mlango haukurudi mahali pake hadi matanga yalipokwisha, na yeye mwenyewe alilala pale kizingitini, juu ya mkeka, ili mbuzi wa jirani wasiingie. Hivyo ndivyo mume wako alivyonisindikiza katika kilio changu. Sasa nakueleza jinsi mimi nilivyomlilia yeye, na utaona kwa nini naona haya.

Chumba changu katika nyumba ya Béatrice kiko chini, nusu yake ndani ya udongo. Wenyeji wanakiita sous-sol. Kina joto na ni safi, sina manung'uniko. Kina mlango wake wa kutokea uani, na dirisha moja dogo lililo juu karibu na dari. Kwa dirisha hilo sioni watu; naona viatu vyao. Nimejifunza kuwatambua majirani kwa namna wanavyofunga kamba.

Mmoja wa majirani hao, mama ambaye maishani mwake hakuvuta sigara, alipatikana na saratani ya mapafu. Daktari alimwuliza kama nyumba yake imewahi kupimwa radoni. Béatrice alipoyasikia hayo alikosa raha. Radoni, shemeji, ni gesi inayotoka katika ardhi yenyewe, kwenye mawe na udongo. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Nje, upepo huitawanya. Lakini ikipenya katika ufa wa sakafu na kukuta nyumba imefungwa, hukaa humo na kujikusanya, na mtu anayeivuta miaka kwa miaka inaweza kumletea ugonjwa ule wa mapafu. Vyumba vya chini kama changu ndivyo vinavyopatwa zaidi, na wakati wa baridi ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu huku hakuna anayefungua dirisha.

Béatrice akaenda maktaba kuazima kipimo, maana huku maktaba huazimisha hata vitu visivyo vitabu. Ni kijisanduku cheupe kinachokaa kwenye rafu kama saa ya mezani. Kinaonyesha namba, na chini ya namba kuna taa: kijani ikiwa hewa ni salama, nyekundu ikiwa si salama. Masharti yake yalikuwa machache lakini makali: madirisha yafungwe, na mlango wa nje ufunguliwe kwa kupita tu, kisha urudishwe mara moja, hadi muda wa kupima uishe.

Haikuwa kwa ajili yangu. Mzee wa umri wangu, ninavyoamini, ana magonjwa mengine yanayomngoja. Ilikuwa kwa ajili ya Naomi, mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Béatrice ni mjamzito na siku zake ni karibu. Shauri la nyumba lilikuwa kwamba mtoto mchanga achukue chumba cha Naomi juu, na Naomi ashuke alale chini pamoja nami.

Kipimo kilikuwa kimeanza kazi yake, na Naomi alikuwa ametoka tu kunisomea namba, Dieudonné alipopiga simu kusema kwamba tansiyo, shinikizo la damu, ilimpanda baba yake karakanani na kwamba amekwisha kutuacha.

Watu wa kwetu walio katika mji huu si wengi, lakini habari iliwafikia kabla sijapata kuvaa koti. Walishuka kwangu. Aliyewatangulia ni Mama Vero, mama mzito mwenye sauti ya soko, mzaliwa wa Kasenyi kule ziwani. Alikuwa hajaketi bado.

"Nani amefunga huu mulango?"

Béatrice akamjibu, "Mama Vero, ni baridi."

"Baridi! Miye nilizaliwa Kasenyi, nilikuwa naoga mu ziwa mbele jua itoke. Siye mu matanga hatufungake mulango. Wenye kulia watapita wapi? Ku hii dirisha ya panya?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, siku ileile, machozi yakiwa bado usoni. Nakuomba radhi kwa kicheko hicho. Nilidhani Kasiano angekipenda.

Mama Vero akauegemezea mlango kiti, ukabaki wazi. Tangu asubuhi hadi jioni, siku zote walizokuja, ulikuwa wazi hivyo. Watu waliketi na makoti yao, wakishika vikombe vya chai kwa mikono miwili, pumzi zao zikionekana kama moshi. Tulisali rozari, tulikula maharagwe, tulimtaja Kasiano kwa majina yake yote. Kipimo kilikuwa juu ya vichwa vyetu kwenye rafu. Mtu mmoja alikuwa amekitundikia kofia. Hakuna aliyekikumbuka, hata mimi.

Muda wake ulipoisha, Béatrice alishuka peke yake, akaondoa ile kofia, akapiga kelele ya furaha.

"Baba, angalia! Ni kijani! Namba iko kidogo kabisa. Naomi anaweza kushuka." Akaketi kitandani pangu akalia, mkono mmoja tumboni. "Mungu ametuhurumia mu hii juma mubaya."

Niliitazama taa. Nikautazama mlango, na kiti ambacho kilikuwa kingali kimeuegemea. Ningependa sana kunyamaza, shemeji. Furaha ilikuwa haijaingia nyumba hii tangu simu ile.

Nikamwambia, "Mwanangu, unisamehe. Kipimo hiki hakikupima nyumba. Kimepima upepo wa Mama Vero."

"Baba, tafazali. Siko na nguvu ya kuanza tena."

"Najua."

"Basi tutapima nyuma ya matanga."

"Mimba itangoja matanga yaishe?"

Kipimo chenyewe kilikuwa kinangojwa na watu wengine kule maktaba. Akasimama kwa shida, akaondoa kile kiti na kukirudisha mezani. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake. Sikuwahi kudhani kwamba mlango unaweza kutoa sauti kubwa namna ile.

Tukaanza kupima upya, nami nikawaomba watu wasije. Nilizungumza na Mama Vero mwenyewe kwa simu, kwa maneno ya adabu kadiri nilivyoweza, nikimweleza habari ya gesi na ya kipimo.

"Muzee Anselme," akasema, "weye iko mu matanga ao iko mu prizo? Kasiano alikukosea nini?"

Gereza, shemeji! Nilimwambia tu, "Mama, ni kwa ajili ya mtoto." Akakata simu.

Nililia peke yangu, madirisha yamefungwa, mlango umefungwa. Ndugu yule aliyeng'oa mlango kwa ajili yangu, mimi nilimfungia wangu. Nilijaribu kusali rozari, lakini rozari ya mtu mmoja haina wa kuitikia. Unasema nusu ya kwanza, kisha unangoja, kisha unakumbuka kwamba ni zamu yako tena.

Siku ya pili yake, mchana, nikaona viatu. Vilikuja uani kimoja baada ya kingine, vikasimama kwenye theluji mbele ya dirisha langu. Nilivitambua: buti nyeusi za fundi gari mmoja mzaliwa wa Aru, viatu vya mke wake, na katikati makobazi ya Mama Vero aliyoyavaa juu ya soksi nene mbili, maana hakubali kununua buti. Wakaanza wimbo wa Bikira tuliofundishwa misioni, ule ambao Kasiano aliuharibu kila mara kwa sauti ya nne. Sauti zao zilipita kioo kwa shida. Nikapanda juu ya kiti, mzee mzima, nikaimba kuelekea dirishani.

Mama Vero akagonga kioo kwa ncha ya kobazi. "Muzee! Uko?"

"Niko!"

"Imba nguvu! Siye tunaganda huku!"

Wakarudi siku zote zilizobaki, hata siku ya upepo mkali. Walikuja kulia nami bila kufungua mlango. Nyuso zao sikuziona, na hata leo nikifikiria matanga ya Kasiano, ninachokiona ni viatu.

Muda ulipotimia, Béatrice alinishika mkono, tukatazama pamoja. Taa ilikuwa nyekundu. Namba ilikuwa imepita mbali kiasi ambacho serikali ya huku inasema mtu arekebishe nyumba yake. Naomi alikuwa juu ya ngazi akiniuliza mimi babu yake, "Koko, ni rangi gani?" Béatrice akaniegemezea kichwa begani, akasema polepole, "Ningemulaza humu, Baba. Ningekuwa nimekwisha kumulaza humu."

Akaja fundi wa kazi hiyo, kijana mpole mwenye madevu mekundu. Alituambia tusipate hofu, kwamba nyumba nyingi huku zina jambo hili na kwamba dawa yake inajulikana. Alihamisha kitanda changu, akatoboa sakafu ya simenti mahali kilipokuwa kichwa changu, akasimamisha bomba linalopanda ukutani hadi nje ya nyumba. Ndani ya bomba kuna feni ndogo inayovuta hewa chini ya sakafu mchana na usiku, na kuitupa nje kabla haijaingia chumbani. Kisha akaziba nyufa zote, na shimo la sakafuni linalokusanya maji ya chini akaliwekea kifuniko cha kubana. Tulipopima tena, milango ikiwa imefungwa kwa haki, taa ilikuwa kijani, nasi tuliiamini. Fundi amesema tupime tena baadaye kwa miezi mingi ya baridi, ndipo tutakuwa na hakika kamili.

Naomi analala kwangu sasa. Mtoto wa Béatrice amezaliwa, wa kiume, naye ameitwa Kasiano. Niwie radhi kwamba nakupa habari hii chini kabisa ya ukurasa. Ile feni ina mlio mdogo usiokoma. Naomi aliniuliza siku ya kwanza, "Koko, nani anapumua mu ukuta?" Nikamwambia ni mashini. Akaridhika, akalala. Mimi bado nausikiliza.

Nilimwuliza yule fundi habari za kwetu. Nilimweleza juu ya udongo wa Ituri na machimbo yake. Akasema kwa ukweli kwamba hajui. Kila ardhi ina yake, na nyumba isiyopimwa hakuna anayeweza kuisemea. Alichojua ni kwamba nyumba inayopitisha hewa hukusanya kidogo. Hapo nikayaona madirisha ya Kasiano.

Unakumbuka watu wa mtaa wote wa Rwambuzi walivyomdhihaki alipojenga. Jirani yenu wa upande wa juu alisimama barabarani akamwita kwa kazi yake ya useremala: "Menizie, hii nyumba ni ya kulala ao ni ya kuonyesha madirisha? Wezi wataingia kama mavumbi!" Naye alijibu akiwa juu ya ngazi, bila kugeuka: "Mwizi wa hapa ni weye, jirani. Weye nitakufungulia mulango." Alitaka madirisha mapana kwa sababu wewe ulikuwa umekulia kilimani Djugu, na ulimwambia mwaka wa kwanza wa ndoa kwamba mji unakubana kifua. Sidhani alikwambia kwamba ndiyo sababu. Aliniambia mimi.

Sasa nayataja yale mawili aliyoniambia Dieudonné. La kwanza: tangu wageni wa mwisho watoke, umefunga madirisha yote, hata lile la barabarani, na huruhusu mtu kuyagusa. La pili: asubuhi kukiwa na baridi unaingiza mbabula ya makala, lile jiko la makaa, chumbani, unajifungia nayo.

Shemeji, mimi si mtu wa kukuamuru nyumbani kwa mume wako. Lakini kuhusu mbabula nakupigia magoti. Hewa mbaya ya makala yanayowaka, hata yasiyotoa moshi, haingoji miaka kama radoni. Inaua kwa asubuhi moja, na anayekufa anadhani ni usingizi umemjia. Iache mbabula nje uani. Kama una baridi, mwambie Dieudonné akupe koti langu la buluu lililobaki kabatini. Halinifai huku, ni jepesi mno.

Kuhusu madirisha, sina haki ya kusema zaidi ya hili: mimi nimefunga mlango wangu nikiwa katika kilio, kwa sababu nililazimika. Nimekaa humo. Najua hali ya humo. Na wewe hulazimiki. Nimemwuliza Dieudonné kama turnevisi ya baba yake ingali katika sanduku. Amesema iko. Sijamwambia bado la kuifanyia.

Ninaomba jambo moja dogo, nawe utaniwia radhi kwa kuomba. Jumapili inayofuata baada ya kupata barua hii, ukirudi kutoka misa ya kwanza, fungua lile dirisha la barabarani, hata nusu. Dieudonné atanipigia, ataiweka simu juu ya kizingiti cha dirisha. Huna haja ya kusema neno lolote. Nitasikia pikipiki za Rwambuzi, na mama wa maandazi, na watoto wanaotoka katekisimu. Nitajua limefunguliwa.

Salamu zangu kwa Dieudonné, mzaliwa wako wa kwanza, ambaye amebeba mengi kuliko mabega yake. Kwa dada yetu Filomena wa Shari, mwambie sijasahau kwamba ndiye aliyemvika Kasiano viatu vya mwisho. Kwa mpwa wetu aliyebaki Djugu, kama njia inaruhusu salamu kupita. Na umsalimie hasa yule jirani wa upande wa juu. Nimesikia alilia makaburini kuliko ndugu. Béatrice anakuinamia, na Naomi anamsalimu bibi ambaye hajamwona.

Ni mimi mtumishi wako, kaka wa mume wako, ninayekuomba radhi kwa urefu wa barua na kwa ufupi wa mikono yangu,

Anselme

Misa yenu ya kwanza inapokwisha, huku ni usiku bado. Hilo lisikuzuie. Nitakuwa macho.